Mfungo wa Elia Nyumbani kwa Mama Feza

Wazee wa kanisa letu hapa Kigoma walinipa sababu fupi ya safari. Vijana wetu walikuwa wanajiandaa kwenda kutumika Maniema, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na hakuna aliyejua waambiwe nini kabla hawajaondoka. Wakasema aende mtu mzima atangulie, aangalie watu wa huko wanaishi vipi, wanasali vipi, wanakula nini. Walipofika kwenye neno "kula" mimi nilikuwa nimeshakubali. Wanaonijua hawatashangaa.

Mwenzangu wa safari alikuwa Ndugu Elia, mwinjilisti wetu kijana, mwembamba kama ufito, lakini sauti yake ikitoka inajaza kanisa. Siku ya kutuaga alisimama mbele ya watu wote akaweka nadhiri: tukishafika kituoni atafunga, asiguse chakula mpaka ibada kubwa ya Jumapili imalizike, ili Mungu aiguse nchi ile. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilipiga makofi nikijiambia kwamba sahani ya Elia itahitaji mtu wa kuitazama.

Ziwa tulilivuka salama. Barabara ya kutoka Kalemie sitaisimulia, kwa sababu mgongo wangu bado haujaisamehe. Niseme tu kwamba tulifika Kasongo asubuhi moja, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mji ukatupokea kwa kelele nzuri: pikipiki za abiria, baiskeli zilizobeba madumu ya mawese, watoto wa shule wenye mashati meupe wakipita mbele ya msikiti kuelekea shule ya misheni.

Kasongo tulilala kwa Papa Ramazani, kabla ya kwenda Wamaza, kijiji kilichokuwa na kituo chetu. Huyu ni Mwislamu, mwenye duka la vitambaa na sabuni, na ukoo wake uko mjini hapo tangu enzi za misafara ya watu wa pwani. Wageni wa kanisa hulala kwake kwa sababu nyumba yake ina vyumba na mkewe hana uchoyo. Alituwekea chai na wali wa asubuhi, kisha akauliza:

"Sasa Wamaza munaenda kufanya nini?"

"Kuwahubiria watu, Papa," Elia akajibu.

Papa Ramazani alimtazama, akanitazama na mimi, akaangua kicheko. "Watu ya Wamaza? Wale wanaomba Mungu mpaka jogoo zinachoka! Mimi ni Mwislamu, lakini nikilala kule naamuka na kengele yao. Muende tu, muende. Ni ninyi mutahubiriwa."

Elia hakucheka. Mimi nilicheka kwa niaba ya wote wawili, nikaomba wali kidogo tena.

Njia ya Wamaza tuliianza kabla jua halijawa kali, kila mmoja na pikipiki yake. Dereva wangu hakuwasha mashine kwanza. Alivua kofia, akafumba macho, akaombea matairi, breki, madaraja ya magogo, askari wa vizuizi wawe na moyo mwepesi, "na huyu papa, Bwana, unaona mwenyewe vile iko muzito." Tukasema amina. Kisha tukaingia katika majani marefu kuliko mtu, tukapita mashamba ya mihogo na karanga, tukavuka vijito ambavyo ilibidi mimi nishuke ili pikipiki ipande. Kila kijiji tulichopita kilikuwa na kanisa la udongo lililofagiliwa vizuri kuliko la kwetu la matofali. Nilianza kumwelewa Papa Ramazani.

Wamaza tulipokelewa kwa ngoma. Akina mama wa kwaya walitandika vitenge vyao chini tupite juu yake, na mimi nilipita kwa ncha za vidole nikiona haya, maana viatu vyangu vilikuwa tope tupu. Shemasi Kalonda, mzee mfupi mwenye macho ya kucheka, alitushika mikono akatupeleka kwa mwenyeji wetu, mjane aitwaye Mama Feza. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa, maji ya kuoga yameshachemshwa, kuku ameshachinjwa. Kwaya ilitusindikiza ikiimba mpaka ukingo wa uwanja. Pale ikasimama, ikamalizia wimbo, ikageuka. Nilidhani ni adabu tu.

Chakula kilipokuja, Mama Feza alitunawisha, akafunua vyungu: wali, sombe, yaani kisamvu chao, iliyong'aa kwa mawese, kuku katika mchuzi wa mbegu za maboga. Kabla hatujagusa, yeye mwenyewe alimega kidogo katika kila chungu, akala mbele yetu, akameza.

"Kwetu huku, mwenye kupika anaonja wa kwanza," akasema. "Mugeni akule na roho safi."

Halafu akachukua firigisi akaiweka upande wa Elia. "Hii ni ya mutumishi."

Elia aliinamisha kichwa. "Asante sana, Mama. Mimi nimefunga."

"Mpaka jioni?"

"Mpaka Jumapili, baada ya ibada."

Mkono wa Mama Feza ulibaki hewani kidogo. Akasema, "Mungu apokee," akaifunika sahani ya Elia. Mimi nilikula, na sioni aibu kusema nilikula sana. Sehemu yangu ilipokwisha nikasogelea ya Elia, nikanyoosha mkono kwenye firigisi, na mama yule mpole akanizuia kama askari. "Hapana, Papa. Hiyo iko na mwenyewe." Basi firigisi ikarudi jikoni. Ili kufika jikoni ilivuka uwanja mzima, na nje majirani walikuwa wengi kuliko kazi walizokuwa wanafanya.

Kesho yake kengele ililia gizani. Tulipofika kanisani, sisi tuliotumwa kuwaamsha, watu walikuwa wameshaimba nyimbo tatu. Bibi mmoja aliomba kwa Kibangubangu, lugha ya huko, sikuelewa neno, na machozi yakanitoka. Elia alihubiri vizuri sana, nisimnyime haki yake. Tuliporudi Mama Feza alikuwa amepika tena, na firigisi ya kuku mwingine ikavuka uwanja kurudi jikoni.

Mchana Shemasi Kalonda alinichukua kuona shamba lake la karanga. Alinionyesha mistari miwili mitatu, halafu akaacha kujifanya.

"Papa, wewe unakula muzuri."

"Najitahidi, Shemasi."

"Tunashukuru. Lakini watu hawako wanaangalia sahani yako."

Akanieleza. Mume wa Mama Feza alikufa ghafla mwaka uliopita, usiku, baada ya kula nyumbani kwake. Muuguzi alisema ni moyo. "Lakini midomo ya watu haina dawa," Shemasi akasema. Uvumi wa sumu ukaanza kisimani. Mama Feza, aliyekuwa mpishi wa kila karamu ya kanisa, akaanza kuona chungu chake kinarudi kimejaa. Jumapili hii, baada ya ibada, kila mama angeleta chungu chake, na yeye angeleta chake.

"Nilipigana sana kwa kamati ili ninyi mulale kwake," Shemasi akaendelea. "Nilisema, watumishi wakikula kwa Feza, nani ataogopa tena? Sasa leo asubuhi kisimani wanasema, munaona? Hata mutu wa Mungu aliogopa."

"Lakini mimi nimekula!"

"Wewe?" Akanipiga begani kwa upendo. "Wanasema tumbo yako haichaguake."

Nilimeza hilo. Nikamwuliza kwa nini asimweleze Elia mwenyewe. Akashtuka kweli kweli. "Mimi shemasi, nikataze mutu kufunga? Nitasimama namna gani mbele ya Mungu?" Hapo nikaelewa kwamba katika nchi inayomcha Mungu hivi, hakuna ambaye angethubutu kumgusa Elia. Mzigo ulikuwa wangu.

Jioni nilimwambia Elia yote. Alikasirika, na sikumlaumu.

"Niliahidi mbele ya kanisa zima. Unataka nimvunjie Mungu ahadi kwa ajili ya kuku?"

Nilimwambia tu amwendee mama mwenyewe amwulize. Alimkuta anachagua mawe kwenye mchele, akachuchumaa mbele yake, na mimi nikasimama mlangoni.

"Mama, mfungo wangu unakuumiza?"

Mama Feza aliendelea kuchagua. "Mutumishi, hata mimi ninafungaka. Siwezi kukuambia uache. Ni kitu ya wewe na Mungu." Akatupa jiwe nje. Kisha akasema polepole sana: "Basi tu... ungefungia kwa mwengine."

Elia aliinuka akaenda nyuma ya migomba kuomba. Kwa kawaida akiomba mtaa mzima hushiriki, lakini jioni ile sikusikia hata sauti. Nilimhurumia kwa moyo wote. Ahadi yake ilikuwa ya kweli, na ninajua tumbo lake pia lilikuwa la kweli.

Jumamosi, jua likianza kushuka, njia ikiwa imejaa watu wanaotoka mashambani na mabeseni vichwani, Elia alitoa kiti na meza ndogo ndani ya nyumba, akaviweka katikati ya uwanja. Akakaa. Akaita kwa sauti ile ile ya kujaza kanisa:

"Mama Feza! Nina njaa!"

Mabeseni yalisimama njiani. Mama alitoka jikoni akamtazama kama mtu aliyeitwa kutoka usingizini, akarudi ndani mbio. Tulisikia vifuniko vikigongana. Akaja na vyungu. Alimnawisha Elia, akafunua, akanyoosha vidole kuonja kama desturi inavyotaka. Elia akamshika mkono.

"Usionje, Mama. Mtoto haonjewi kwao."

Mtu mmoja njiani akasema "Eee!" kwa nguvu. Elia akachukua firigisi akaitia mdomoni. Akatafuna akiwa amefumba macho, na nyinyi mliowahi kufunga mnajua firigisi ya namna hiyo ina ladha gani. Baada ya hapo akausahau uinjilisti. Alishambulia wali, akashambulia sombe, mawese yakamtiririka mpaka kiwiko.

"Polepole, mutoto wangu, ingine iko!" Mama Feza akawa anasema, analia na kucheka kwa mpigo mmoja. Mimi nililia wazi, na nilikuwa bado sijapewa sahani.

Ndipo kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye jembe begani, akavuka ukingo wa uwanja. Aliweka jembe chini, akakaa kwenye mkeka, akasema bila kumtazama mtu:

"Feza, na mimi uniletee."

Akaletewa. Mama Feza akanyoosha mkono kuonja, na yule mama akaupiga mkono huo kofi dogo. "Wacha! Mimi ni mugeni?" Akala. Wakaja wawili, wakaja wengi, na watoto nyuma yao, mpaka Shemasi Kalonda alipofika akihema hakukuta hata mchuzi. Alisimama katikati ya uwanja na sahani tupu, mwenye furaha kuliko sote.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu na tamu. Elia alihubiri kifupi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue. Kwenye chakula cha pamoja chungu cha Mama Feza ndicho kilichokwisha kwanza. Niliwaona kwa macho yangu wanawake wawili wenye heshima zao, wenye vitenge vya kanisa, wakigombania ukoko wake kwa kijiko. Mama Feza alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, akiwagombeza wote wawili kwa raha.

Safari ya kurudi ilikuwa ile ile, ila pikipiki sasa zilibeba na karanga za Shemasi na kuku wawili hai, zawadi ya kwaya. Kasongo kuku hao tuliwaacha kwa mke wa Papa Ramazani, naye akatupikia kabla hatujamaliza kusalimia. Tangu hapo mpaka Kigoma nilijua Elia anawaza nini. Waliompigia vigelegele walikuwa wanamsubiri.

Jumapili ya kwanza nyumbani alipewa nafasi ya kutoa ushuhuda. Alisimama, akakohoa, akasema waziwazi: "Nadhiri yangu sikuitimiza. Nilikula siku moja kabla." Akawasimulia habari za mama yule, uvumi, uwanja, mkono aliouzuia. Alipomaliza, mzee mmoja alikuwa amekunja uso, na Elia anatazama viatu vyake.

Kutoka benchi la nyuma bibi mmoja akauliza kwa sauti: "Na huyo mama, mwanangu, alikupikia nini?"

Elia akainua uso. Akaanza na wali. Alipofika kwenye sombe hata mzee yule alikuwa amekunjua uso, na ibada ikachelewa kwisha.

Wazee walinikalisha baadaye wakataka ushauri wangu kwa vijana. Niliwaambia vijana wasipeleke habari za Mungu kama mzigo mpya, maana huko ameshafika zamani na anaamkiwa gizani. Niliwaambia wajifunze nyimbo za huko, wasikimbilie kuwafundisha wenyeji za kwetu. Wakauliza kama kuna lingine. Nikasema mengine yote wenyeji watawafundisha wenyewe kwa upole, isipokuwa moja ambalo hawatalisema kamwe, kwa kuwa wanamwogopa Mungu na wanamheshimu mgeni. Hilo inabidi tuliseme sisi kabla vijana hawajapanda boti: wafike na njaa.