Vidole Dirishani, Nyumba ya Tausi

Juzi nilikwenda Nyakato kumjulia hali binamu yangu, nikakuta ukutani kalenda ya zamani ambayo hadi leo amekataa kuibandua. Ina picha ya nyumba ya ghorofa, yenye roshani ya chuma kilichokunjwa kikawa tausi. Nilivuta kiti nikakaa. Nyumba ile naijua, ndugu yangu. Niliwahi kusimama pale juu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na nyumba kongwe za mjini zikaanza kubomolewa ili yajengwe maduka. Shangazi alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa mtaa wa Mirongo, karibu na ziwa. Wenye maduka walimwagiza picha za nyumba za kale, mageti ya maua na roshani, zichapwe kwenye kalenda na kadi za kuwapa wateja zawadi sikukuu zikifika. Wakati wa likizo nilimwoshea trei za dawa ya kusafishia picha, iliyonuka siki, na kuanika picha kwenye kamba. Nikinusa siki, namkumbuka yeye.

Nyumba ya tausi ilikuwa ya bibi wa Kihindi, mjane, aliyebaki peke yake. Mwanawe alishapata mnunuzi, ila bibi aligoma kuhama, wala hakusema kwa nini. Alitupokea kwa chai ya iliki na kachori za moto. Shangazi akaniambia nipande roshanini nishike chuma, watu wapate kuona ukubwa wa wale tausi. Nyuma yangu palikuwa na dirisha la nondo la chumba kilichofungwa kwa kufuli lenye kutu. Ilikuwa adhuhuri, ziwa limetulia, jua linachoma. Sikuona kitu. Nilihisi tu ubaridi kisogoni, kama mtu ananipumulia.

Picha ilipoanza kujitokeza kwenye dawa, shangazi aliacha kuitikisa trei. Nyuma ya bega langu, vidole vidogo vinne vilikuwa vimeshika nondo ya dirisha. Chini yake, bangili mbili.

"Ulikuwa na nani kule juu?" aliniuliza.

"Peke yangu, shangazi."

Kesho yake alirudi kupiga bila mimi. Dirisha lilikuwa tupu, na hiyo ndiyo picha iliyoingia kwenye kalenda. Ile ya kwanza alitaka kuichoma, akasita, akasema ni haki ya mwenye nyumba kuiona. Tukampelekea.

Bibi aliitazama muda mrefu. Hakushtuka hata kidogo.

"Mdogo wangu," alisema. "Ndui ilimchukua humo ndani. Mama alifunga mlango ili sisi wengine tusiambukizwe. Mdogo wangu aliniita siku mbili kutoka humo. Niliogopa kwenda."

Kisha akanigeukia. "Wewe ni rika lake, atakusikiliza. Panda umwambie tunahama. Mimi magoti hayanifikishi tena."

"Hapana, bibi, huyu ni mtoto," shangazi alisema.

Lakini nilikuwa nimeshayaona macho ya yule bibi. Nikapanda. Dirishani nililitaja jina la mdogo wake, alilonifundisha bibi, nikasema, "Dada yako anahama. Anasema mwende pamoja." Niliposhika nondo, ilikuwa baridi yote isipokuwa mahali pamoja, upana wa kiganja cha mtoto. Pale ilikuwa vuguvugu. Sikumbuki nilivyoshuka ngazi.

Wiki ile ile bibi alimkabidhi mwanawe funguo.

Nyumba ilibomolewa, na tausi wakakatwa vipande wakauzwa chuma chakavu. Studio sasa ni duka la simu, na shangazi tulishamzika. Binamu yangu husikitika kila akiitazama kalenda ile, kwamba mji umepoteza kitu kizuri, na ni kweli. Mimi ninachokikumbuka ni asubuhi bibi alipoondoka. Teksi ilikuwa inamsubiri barabarani. Aliufungua mlango wa nyuma wa teksi mwenyewe, akasogea kando kama anayempisha mtu, akangoja kidogo huku ameinamisha kichwa. Ndipo naye akaingia.