Uyoga Ndani ya Duara la Busawe

Niliondoka Nyamisangura, mjini Tarime, asubuhi kwa sababu shangazi yangu, Mama Rhobi wa Busawe, alipiga simu: "Mwanangu, njoo. Watu wamezunguka duara lako na masululu."

Duara ni shimo la wachimba dhahabu. Hilo walilichimba katikati ya shamba lake la mahindi, wakakosa kitu, wakaliacha. Mimi, niliyejisomesha kwa kubeba zege ugenini mpaka nikapata diploma ya kilimo, niliona humo kile ambacho hakuna mwingine aliyekiona: giza, ubaridi na unyevu. Nikaotesha uyoga.

Njiani, juu ya bodaboda, nilijiuliza: Nani huiba uyoga kwa sululu?

Busawe niliwakuta wamekaa juu ya kifusi. Nikamwamkia shangazi, shikamoo, marahaba. Kiongozi wao, Marwa, akaanza.

"Diploma, tugawie. Unashuka na tochi, unateremsha maji, unafunika mdomo wa shimo kwa magunia mabichi. Halafu useme huna mawe ya dhahabu?"

"Ni uyoga."

Wakacheka. "Uyoga huota wenyewe kwenye kichuguu, mvua ikinyesha. Nani aliwahi kuupanda?"

Wasiporidhika wangefukua shamba zima, na shangazi hana lingine.

Nikapandisha mfuko mmoja kutoka shimoni, nikawafundisha: mabua hukatwakatwa, huchemshwa, yakipoa hushindiliwa mfukoni pamoja na mbegu, hukaa gizani mpaka utando mweupe uenee, kisha mfuko hutobolewa na kunyunyiziwa maji. Kwenye matundu vilikuwa vimechomoza vichala vyeupe vya kijivujivu, vimepandana kama vigae, vikonyo vifupi pembeni.

"Uyoga huu unaitwaje?"

"Mamama."

"Uyoga tunaoujua una mwavuli na mguu mrefu," alisema Marwa. "Hili ni sikio."

"La kusikilizia dhahabu!" mwenzake akadakia.

Nikaeleza upya, kwa ufasaha zaidi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini nina dhahabu. Mpaka leo sielewi.

Shangazi alichukua ule mfuko, akakata vichala, akaviunga kwa karanga, akasonga ugali wa mtama. "Naweni mikono. Njaa inawasemesha ovyo."

"Hauna sumu?" Marwa aliuliza.

Shangazi akamega tonge la kwanza, akachovya, akala. Mikono ikafuata, hata sahani ikabaki nyeupe.

Marwa akatupia sululu begani. "Mama, tumekula kwako. Shamba lako hatuligusi." Wakaenda.

Jioni, kabla ya kurudi Tarime, nilimuuliza shangazi, "Kwa hiyo wameamini ni uyoga?"

"Sijui, mwanangu. Lakini wamekula."

Mifuko iliyobaki nilirudi nayo Nyamisangura, nikaipanga sebuleni, mlango wazi, kila apitaye aone. Nimejifunza kwamba penye dhahabu hufuniki shimo, hata ukiwa na diploma.

Jana jirani alisimama mlangoni, akaitazama mifuko kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini nimeficha nini nyuma yake.

Sikumweleza. Nilibandika sufuria.