Chupa ya Uji Iliyofika Mahakamani

Mimi nilimwambia Mumbi asiende. Ninalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wa kanisani wanaoeneza eti mimi ndiye niliyemtuma. Chupa ilikuwa yangu, kweli, ile ya chai yenye maua mekundu niliyotoka nayo Nakuru, lakini wazo lilikuwa lake mwenyewe.

Mumbi tunaishi naye nyumba moja hapa Rayners Lane, kwa Waingereza, mimi chumba cha juu, yeye na bintiye Emma chumba cha chini. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi anamwogesha huyu, mchana anampa yule dawa, jioni anazunguka tena kuwalaza. Bila gari kazi hiyo haiwezekani. Bila leseni hakuna kazi, na visa yake imefungwa kwenye kazi hiyo hiyo kama mbuzi kwenye mti. Leseni ikienda, Mumbi anarudishwa Kenya, na Emma anang'olewa shuleni.

Sasa, jioni moja pale Kingsbury Road, mzee mmoja wa Kihindi aitwaye Kanti alichomoka katikati ya vani mbili zilizoegeshwa. Mumbi alikuwa anakwenda taratibu, lakini kioo cha pembeni kilimgonga mkono, mzee akaanguka, nyonga ikavunjika. Mumbi alisimama, akaita ambulensi, akamfunika mzee kwa koti lake. Alifika nyumbani akanisimulia yote mlangoni.

Mzee aliporudishwa kwake kutoka hospitali, Mumbi akapika uji wa wimbi. Aliutia ndimu na sukari, akaumimina katika chupa yangu, akasema Wahindu wengi hawali nyama, uji hauna lawama. Nikamwambia, "Wee Mumbi, hapa si Nakuru. Kaa chini."

"Mama Victor, mtu aumie mbele ya macho yangu, nisiende hata kumwona? Mimi nimelelewa na nani?"

Akaenda. Kumbe mzee alizaliwa Kisumu. Alikunywa vikombe viwili, akamwambia kwa Kiswahili kilichoshika kutu kwamba uji kama huo hajauonja tangu utoto wake. Mumbi akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba msamaha. Hemal, mtoto wa mzee, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alitoa simu, akaipiga chupa picha.

Polisi walimshtaki Mumbi, na haki ya Mungu, picha hiyo tuliikuta mahakamani! Chupa yangu, na maua yake, kwenye skrini kubwa kama mgombea wa ubunge. Mzee mwenyewe hakuwepo, nyonga ilikuwa imemrudisha hospitali. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja basi alisema gari lilikuja kwa kasi. Halafu Hemal akasimulia habari za uji na magoti, na mwendesha mashtaka akamgeukia Mumbi. Kama hukuwa na kosa, chakula ulipeleka cha nini? Msamaha uliomba wa nini?

Utamweleza nini mtu ambaye hajawahi kubisha mlango wa mgonjwa na kusema pole? Wakamwona ana hatia ya kuendesha bila uangalifu, wakamfungia leseni. Mimi nilitoka nje nikaitukana nguzo ya taa.

Tulimpata wakili, Jaswinder, mwanamke mwenye sauti ya chini asiyecheka ovyo. Alikata rufaa, akaomba Mumbi aruhusiwe kuendesha wakati rufaa inangoja, wakakubali. Kisha akatuketisha. "Msidhani tunakwenda kuomba huruma," alisema. "Kule juu kesi inasikilizwa upya, tangu mwanzo. Mkishinda, hatia inafutwa. Mkishindwa, jaji anaweza kuongeza adhabu kuliko ile ya kwanza. Na safari hii mzee Kanti ataitwa, na anaitwa na upande wa mashtaka. Usimkaribie, Mumbi. Usiongee naye, wasije wakasema unamshawishi shahidi wao. Hata salamu."

Kuanzia siku hiyo hofu ilihamia kwetu, ikawa mpangaji wa nne. Mumbi aliacha kula. Kila alipoona vani imeegeshwa alisimamisha gari, watu nyuma wakimpigia honi mpaka wakachoka. King'ora cha polisi kikipita barabarani alikuwa anazima taa ya jikoni, sufuria ikiwa motoni. Emma alimuuliza, kwa Kiingereza chake cha hapa, kama aanze kuwaaga marafiki. Mumbi akaingia bafuni akafungua maji ili tusimsikie. Tulimsikia.

"Nitaiondoa hii rufaa," aliniambia. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu ipi? Leseni ikienda yote imekwenda. Maji umeshayavulia nguo, dada, yaoge." Nilisema kwa ukali, lakini usiku nilijiuliza mimi pia. Huyo mzee angesema nini? Uji alikunywa, ndiyo, lakini damu ni damu, na Hemal ni mwanawe.

Siku ikafika. Mlangoni pa mahakama kila mwenye kinywaji aliambiwa akionje mbele ya mlinzi. Tukaketi kwenye benchi la korido, Mumbi katikati, mimi na Jaswinder pembeni. Mara nikamwona mzee anakuja peke yake polepole, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili, yarabi, chupa yangu!

Alisimama mbele ya Mumbi, akatabasamu. "Hujambo, binti? Nimekurudishia chupa. Si tupu, hapana."

Mumbi aliinamisha macho.

"Binti, hujambo?" mzee alirudia, akidhani hakusikika.

Nilitaka kuitikia mimi, Jaswinder akanikanyaga mguu. Tabasamu la mzee likaondoka taratibu. Aliiweka chupa kwenye benchi, akageuka, akaenda zake na fimbo yake. Katika maisha yangu sijawahi kuona aibu kama ile.

"Nimemnyima mzee salamu," Mumbi alininong'oneza. "Sasa atanimaliza humo ndani."

Ndani alikaa jaji na mahakimu wawili. Mzee aliapishwa. Aliulizwa gari lilikuwa na kasi gani, akasema lilikuwa linatambaa. Alitoka katikati ya vani bila kutazama kwa sababu basi lake lilikuwa linaondoka. Hemal hakuwepo barabarani, alisema, na hakuwahi kumuuliza babake. Nyuma yangu nikasikia kiti cha Hemal kikilia.

Mwendesha mashtaka hakukubali. Sasa uji ulikuwa wa nini?

"Mimi mtu wa Kisumu," mzee akajibu. "Kwetu mtu akiumia mbele yako, unakwenda kumwona. Asiyekuja ndiye tunayemshuku." Akamtazama Mumbi, akamgeukia jaji. "Leo nimemsalimu mara mbili, hakuitika. Mmemfanya nini huyu mtoto?"

Jaji na wenzake walitoka, wakarudi. Jaji alisoma uamuzi. Jaswinder akaachia pumzi.

Mumbi alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Wameongeza?"

"Wamefuta!" nilisema. "Umeshinda, mjinga wewe, umeshinda!" Nikalia kama mtoto. Yeye hakulia. Alipotoka kumtafuta mzee koridoni, Hemal alikuwa ameshamwondoa.

Chupa tulirudi nayo. Niliifungua jikoni: chai ya masala, ya maziwa, tangawizi imekolea mpaka inapanda puani, na bado ilikuwa moto. Nikatoa vikombe vitatu, nikamwita Emma. Mumbi alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, haingii.

"Njoo unywe, ni yako," nikamwambia. "Mzee wa watu kaipika kwa mkono wake."

"Usimimine kwanza, Mama Victor." Aliitazama chupa kama kitu kitakachomng'ata. "Mpigie Jaswinder umuulize kama tunaruhusiwa."