Betri ya Mama Ilipopumzishwa

Mama alikuwa akiishi peke yake kijijini Fumba, katika nyumba ya taa tatu na redio, vyote vikiendeshwa na betri iliyochajiwa kwa paneli ya sola juu ya bati. Siku moja alinipigia simu mjini. "Mwanangu, njoo unitazamie betri. Taa zinafifia mapema."

Nikanunua mita ya kupimia umeme sokoni Darajani, nikaenda. Jua lilikuwa kali. Waya nyekundu huku, nyeusi kule. Mita ikasoma volti kumi na tatu nukta mbili. "Nzima hii, mama," nikamwambia, nikarudi zangu.

Fundi wa mtaani kwetu mjini alinicheka nilipomweleza. "Umeipima inachajiwa? Itoe kwenye paneli, ipumzike masaa kadhaa, kisha uipime. Halafu uipe kazi, uipime tena."

Jumamosi iliyofuata nikachomoa waya wa paneli asubuhi. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Tulijinyosha mkekani ukumbini, mlango wazi, upepo ukiingia na harufu ya mwani. Mama alinisimulia nyumba waliyokaa na wazazi wake utotoni, mjini Mkunazini, na doa la jua lililoteremka ngazi moja moja hata wakajua wakati wa kuinjika wali motoni. Nilisinzia, nikazinduka, naye bado yumo katika ngazi zile. Sikumbuki lini tena tuliwahi kukaa hivyo, bila mmoja wetu kuinuka.

Baada ya adhuhuri nikapima: kumi na mbili nukta tano. Karibu imejaa. Nikawasha taa zote na redio. Namba ikaporomoka papo hapo, kumi na moja, kisha kumi nukta nne.

"Imekwisha, mama. Ikikaa bure utadhani imejaa. Ukiipa kazi, haiwezi."

Mama akaigeukia redio. "Kwa hivyo redio ikififia jioni ni betri? Si masikio yangu?"

"Masikio yamefanya nini?"

"Nlijua nnakuwa kiziwi. Sikutaka mjue. Nshaanza hata kujizoeza kutazama midomo ya watu."

Nikamshika mkono. Kumbe muda wote ule alikuwa akiogopa peke yake.

Wiki ile ile nilimfungia betri mpya. Redio ilipolia, aliruka. "Punguza, utanitoboa masikio!" Kisha taarabu ya zamani ikaanza, naye akaimba nayo, taratibu, beti zote. Miaka yangu yote sikuwahi kujua kwamba mama anaimba.