Kaske Isiyo na Mgongo

Uvumilivu wangu ulikatikia katika chumba cha mazoezi cha parokia, mbele ya korale nzima, mutoto akiwa mgongoni, pale bwana yangu aliponiambia kwa ile sauti yake ya upole inayonichoma kuliko matusi: "Mama Ombeni, sikiliza tena kidogo tu, uniambie gitaa iko wapi." Nikamjibu: "Gitaa iko nyumbani Ndosho, mahali tuliiacha! Leta hiyo kaske!" Na nikainyakua. Aibu yote nitakayowasimulia ilitoka katika mkono wangu huo, simsingizii shetani.

Kwanza mumfahamu huyo mutu. Papa Ombeni ndiye fundi wa sauti wa korale yetu, waya, mikro, ampli, vyote ni yeye, na nilimpendea hayo masikio yake (wenzangu hupendea wanaume magari, mimi masikio, basi ndiyo nivumilie). Sasa mukubwa wake, ndugu wa tumbo moja, anayefanya kazi hiyohiyo ng'ambo akamtumia kaske mbili za bei isiyotajika katika nyumba inayonunua makala ya kupikia kwa kopo, akamwambia azisikilize zote, achague moja ya kurekodia nyimbo zetu, nyingine irudi na msafiri aliyezileta. Siyo kaske ya kuendeshea moto, yaani pikipiki, jamani, ingawa mama mkwe wangu kule Butembo alipoambiwa kwa simu kwamba mwana wake amepata kaske alianza kulia, "Ameacha kazi, amekuwa motard, moto itamuua!" Hizi ni za kusikilizia, kubwa, zinameza sikio zima. Moja ina mbao pembeni, nyingine ni chuma kitupu, na kwa nyuma zote zina wavu kama kichungio cha chai.

Wiki nzima nyumba haikuwa nyumba. Nasonga bugali, ananivika moja juu ya kitambaa: "Hii basi yake, sauti nzito ya chini, imenona, si ndiyo?" Nafua, ananivika ya pili: "Hii ya chuma inafungua sauti za juu, sikia kayamba inavyochekecha." Halafu anainama kulinganisha volime ya hii na ya ile, polepole kama mutu anayemwagia mgonjwa dawa kwenye kijiko, kwa sababu, anasema, ile inayopaza zaidi hudanganya sikio, unafikiri ni nzuri kumbe ni kelele tu. (Akanitazama. Nikamuuliza ananitazama nini.) Na kila mara ananiuliza ndani ya huo wimbo gitaa iko wapi, kushoto ao kulia, mbele ao nyuma. Mimi nilichosikia ni wimbo uleule na gitaa ileile, huku mutoto anaota meno na mboga ya sombe inashika sufuria.

Na mimi nilikuwa na langu moyoni. Tangu nijifungue sikuwa nimeimba solo hata mara moja, na siku hiyo ndiyo Presida wa korale, muzee mwenye basi ya kutikisa mabati, alikuwa ataje nani ataimba solo tutakaporekodi, mimi ao Mama Furaha, ambaye hajawahi kukosa mazoezi na anahakikisha kila mutu anajua. Nilitaka hiyo solo, jamani. Niliifanyia mazoezi jikoni na mutoto mgongoni, yeye ndiye alikuwa watu wangu wote wa kunisikiliza, na mara nyingi alilala kabla sijafika kwenye noti ya juu.

Basi tuko pale, umeme ukaenda. Presida akasema jenereta iwashwe, na sisi tukiwa tunangoja tuombe kimya, kisha atataja jina. Watu wakainamisha vichwa. Papa Ombeni, ambaye akiona kimya ni kama wengine wakiona nyama, akaja mbio na kaske zake mbili na kale kampli kake ka betri kanakopiga nyimbo, eti sasa ndiyo saa yake, na ndipo akaniuliza habari ya gitaa, na ndipo nikanyakua.

"Lakini mama, ujue hii iko wazi kwa—"

"Wazi ao imefungwa, leta! Tumalize leo!"

Wakamwita nje kwenye jenereta. Akaniachia zote mbili, akaenda huku anageukageuka kunitazama kama mutu aliyeacha chungu motoni.

Nikavaa ile ya chuma, nikabonyeza kale kampli. Haikuwa gitaa. Ilikuwa mimi! Yule mutu alisikia wapi sijui kwamba kaske hupimwa kwa sauti unayoifahamu kuliko zote, akanirekodi jikoni bila kuniambia, na siku hiyo nilikuwa nimetoka mazoezini na hasira: "Hiyo korale, kondoo wa Kibumba waliopakiwa kwenye Fuso wanaimba vizuri kuliko!" Nikacheka peke yangu. Mbele yangu masoprano wakaanza kutikisa mabega, nikafikiri Roho amewashukia. (Mutu mwenye akili angejiuliza: kama nasikia Presida akikohoa huku nimevaa kitu hiki, basi sauti ya ndani inazuiwa na nini isitoke? Mimi nilikuwa na diploma ya sekondari, akili niliacha nyumbani.)

Nikavaa ile ya mbao, nikarudisha mwanzo. Na hapo, ninyi, hapo ndipo nilipotea. Chini ya matusi yangu nikasikia mutoto anapumua, nyuma ya shingo kabisa, nikageuza kichwa nikifikiri ni yeye wa kweli. Halafu nikasikia kitu kingine, kidogo, kushoto, upande wa mlango wa jikoni. Nini hicho? Nikaongeza volime. Nikaongeza tena. Nikaipeleka mwisho.

Mama Furaha ndiye aligeuka kwanza, macho kama sahani. Kisha benchi lake. Kisha wote. Nilivua kaske, na sauti yangu haikukatika, iliendelea kutoka mkononi mwangu, nyembamba lakini kila neno limenyooka: "Na huyo Presida, basi yake ni jenereta iliyotiwa mafuta ya kuchanganya na maji!"

Na nje, naapa, jenereta ya kweli ikavutwa kamba, ikafanya kho, kho, khooo, ikazima.

Korale ilianguka. Tenori mmoja alitoka kabisa akaenda kuchekea barabarani. Mutoto akaamka akilia, nami nilitamani kulia naye. Presida akaja mpaka benchi langu, akanyoosha mkono.

"Leta."

"Muzee, nisamehe, ilikuwa—"

"Leta, binti yangu."

Akaivaa. Nikasema basi, solo imekwenda kwa Mama Furaha. Lakini yule bwana yangu alikuwa ameacha mashine irekodi, na baada ya matusi nilikuwa nimeanza kumbembeleza mutoto kwa ile solo, yote, mpaka noti ya juu. Presida akafunga macho. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu wavu ule ulionianika kwa matusi ulikuwa sasa unatoa wimbo, na chumba kizima kilikuwa kinanisikia. Hata mutoto alinyamaza.

Akaivua taratibu. "Solo ni ya Mama Ombeni," akasema. "Lakini jenereta itamwimbia nyuma."

"Na kondoo, muzee?" akauliza Mama Furaha, midomo imevimba kidogo.

"Kondoo pia, wote."

Ndipo Papa Ombeni akaingia, mikono myeusi kwa mafuta, uso umejaa tumaini. "Umeisikiaje?"

"Mimi na parokia nzima!" nikamjibu.

Msifikiri solo ilinipoza. Mazoezi yalipoisha nilimwomba sekretere wa korale karatasi, nikaandika mashitaka papo hapo, akayapiga muhuri huku anauma midomo. Nilisema hivi:

"Kwa Komite ya Korale. Mimi, Mama Ombeni, soprano, namshitaki Papa Ombeni, fundi wa sauti, kwa kunirekodi katika jiko langu bila kuniuliza, na kwa kumwachia mke wake kitu kisicho na mgongo kabla ya kumaliza kumweleza. Nakubali nilimkata neno. Angepaza sauti, mdomo anao. Naomba Komite imwamuru afute yote niliyosema juu ya Presida na kondoo. Naomba kila siku ya mazoezi yeye ndiye abebe mutoto mgongoni, waya zingoje. Kwa upande wangu naapa sitavaa tena kaske mbele za watu kabla sijaigeuza kuitazama nyuma. Na kwa kuwa aliniuliza wiki nzima, jibu lake ni hili: ya mbao ibaki, ya chuma irudi. Gitaa sijui iko wapi. Yeye ndiye nilimsikia, nyuma yangu, kushoto, karibu na mlango wa jikoni, anacheka polepole asimwamshe mutoto. Hapo asifute."