Siku Nkambo Alipoketi Kilioni Mbele ya Televisheni

Umeme unaporudi Likasi baada ya kukatika kwa muda mrefu, vumbi lililotulia juu ya resho, jiko letu la umeme, huungua, na nyumba nzima hunuka vumbi la moto. Wajukuu wangu huziba pua. Mimi huvuta pumzi na kumshukuru Mungu, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyonuka televisheni ya Papa Ilunga, jirani yetu katika mtaa wa Panda, nilipokuwa msichana mdogo wa shule.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye miguu, na Papa Ilunga aliondoa kitambaa kilicholifunika taratibu, kama shemasi anavyofunua meza ya Bwana. Tulivua viatu mlangoni. Watu wazima walipewa viti, watoto tukabanana juu ya benchi.

Wajukuu wangu husema “anime” na wanajua zinatoka Japani. Sisi tulisema desen tu, yaani michoro inayotembea, na kwa kuwa zilizungumza Kifaransa, tuliamini zinatoka Ulaya. Nilikwisha kuona za wanyama wanaopigwa nyundo na kuinuka wazima. Lakini jioni ile alitokea msichana mwenye macho makubwa kama visosi, akipanda mlima mweupe. Tulidhani ni unga wa mahindi uliomwagika, tukasikitikia hasara ile. Kisha upepo ukapita. Nywele zake zikasogea, halafu majani, halafu pindo la gauni. Mkono wa mtu ulikuwa umechora upepo. Nilisahau kufunga mdomo. Picha haikuwa na rangi, lakini hadi leo namkumbuka akiwa na gauni jekundu.

Nilirudi kila juma. Ndipo maneno yakaenea kanisani kwamba macho yale ni macho ya mapepo yanayokaa ndani ya maji. Mama aliogopa, akataka kunikataza kabisa. Nililia mpaka nkambo, bibi yangu mzaa mama, ambaye neno lake halikupingwa nyumbani kwetu, akasema ataenda kujionea mwenyewe. Akimwona shetani mle ndani, sitakanyaga tena kwa Papa Ilunga. Tulipokwenda, mimi, mama na nkambo, nilisali njia nzima, nikimwomba Mungu amjalie yule msichana awe na adabu siku hiyo.

Nkambo hakujua Kifaransa. Aliketi kwenye kiti cha mbele, Biblia mapajani, akatazama bila kupepesa. Na siku hiyo hiyo mama wa yule msichana, aliyekuwa akikohoa kwa majuma, akafa. Msichana alipiga magoti peke yake katika weupe ule. Chozi lilijaa ukingoni mwa jicho, likatetemeka, likakataa kuanguka, kisha likaanguka. Sikuwa nikijua kwamba mtu wa kuchorwa anaweza kufa na asiinuke.

Nkambo akageuka, akatutazama wote. “Ba ndugu yake beko wapi?”

Kijana mmoja nyuma akacheka. “Nkambo, ule ni mutu wa karatasi. Karatasi haina ndugu.”

Nkambo aliinuka, akaweka Biblia juu ya kiti, akafungua kitambaa cha kichwani na kukifunga kiunoni, kama mama zetu wafanyavyo wakifika penye msiba. Akaketi juu ya simenti, miguu ameinyoosha, akaanzisha wimbo wa mazishi. Mama alificha uso kwa aibu. Nami nilijua kwamba yamekwisha, kwamba baada ya aibu ile hatungerudi.

Lakini kwetu huwezi kubaki kitini wakati mzee ameketi chini kwa ajili ya kilio. Papa Ilunga, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akashuka. Wakamfuata wengine. Benchi likabaki tupu, na yule mcheshi naye akashuka, akaitikia kwa sauti nzito kuliko wote. Tuliimba mpaka desen ikaisha na habari zikaanza, na mtangazaji mwenye tai akasoma mbele ya watu waliokuwa wakimlilia mama wa msichana wa mlimani.

Njiani mama aliuliza kwa sauti ndogo kama kitu kile ni cha shetani.

“Shetani halilie mama ya mwenzake,” nkambo akasema. “Muache mutoto aende.”

Kwa miaka mingi tuliicheka habari hiyo nyumbani: bibi alivyodanganywa na picha. Nilicheka hata nilipokuwa nimeolewa. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilimkumbusha, nikitaka atabasamu. Akatabasamu kweli.

“Miye nilijua ni picha,” alisema. “Ilunga alinielezea mbele ya kuanza. Lakini ninyi mulikuwa batu ya kweli. Nilibaona munaangalia kilio, munaikala ku kiti.”

Nilishuka kwenye kiti nilichokalia kando ya kitanda chake, nikaketi sakafuni, nikashika mkono wake.

Nilipokuwa mtoto nilifikiri ajabu ya jioni ile ilikuwa ndani ya sanduku. Sasa naona ilikuwa imegawanywa. Mtu wa mbali, asiyejua kama Panda ipo duniani, alikaa na kalamu yake akalichora chozi lile kwa subira mpaka likatetemeka. Na mwanamke asiyejua hata neno moja la hadithi ile akaenda kumlilia mwenye chozi. Jina la mchoraji silijui, wala sijui kama angali hai. Katika sala zangu za alfajiri namtaja mara tu baada ya nkambo: yule aliyechora chozi. Mungu anajua ni nani.