Pijo ya Mulinge na Chuma cha Trekta

Mulinge aliletwa Shimba Hills angali mtoto wa kubebwa, wakati wazazi wake na Wakamba wenzao walipotoka bara kuja kufyeka msitu na kugawiwa mashamba. Hapo alikulia, akaoa, akapanda michungwa, akawa mzee wa kanisa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Aibu yake ilikuwa moja tu, na ilimkaa kama mwiba wa samaki kooni: gari lake lilikuwa likivutwa kila mara.

Lilikuwa pijo ya familia, ile ndefu yenye viti safu tatu, nyeupe kwa wale walioikumbuka. Ilishavutwa na lori la mchanga na landrova ya watu wa msitu, na siku moja pale Ukunda ilivutwa na punda wawili wa muuza maji, sokoni, watu wakitazama. Mulinge hakutoka nyumbani bila kamba nene ya katani kwenye buti. Wadigo wa huko, ambao hawakosi neno, wakamwita Mkamba wa Kamba. Mbele yao alicheka. Akifika nyumbani aliacha chakula kikapoa mbele yake.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua za Elnino zikiwa bado zinamwagika na barabara zimegeuka uji, binti yake Faith alichumbiwa na mwalimu mmoja wa Msambweni aitwaye Baya. Siku ya harusi ikapangwa. Jioni moja, wakichambua machungwa barazani, Mulinge akamwambia mkewe Mumbe:

"Mama Faith, nitalitia gari chuma cha kuvutia, huko nyuma."

"Cha kuvutia nini?"

"Trela."

"Tuna trela?"

"Hatuna."

Mumbe akaliweka chini chungwa alilokuwa nalo. "Baba Faith, mtu huoga kabla hajachafuka?"

"Mwenye busara huoga. Trela ikija, itakuta pa kushika."

Ukweli wenyewe hakuusema. Alikuwa ameiona siku ya harusi waziwazi kichwani mwake: magari yote yamezama topeni, watu wamevaa vizuri wamesimama kando hawajui la kufanya, na yeye anashuka polepole, anakunja mikono ya shati, anasema, "Haya, leteni hapa."

Basi akateremka Ukunda kwa Suleiman, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mtaratibu wa maneno ambaye hakuwahi kumwambia mteja kwamba jambo haliwezekani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake.

"Karibu mzee wangu, starehe," Suleiman alisema, na baada ya kuulizana hali za nyumbani, za shamba na za mvua, akatandaza gunia chini na kupanga vyuma vitatu juu yake.

Cha kwanza kilikuwa chembamba, kinang'aa, chenye kichwa cha mviringo kama limau. "Hiki kimetoka kwenye gari la Mjerumani wa Diani, alikuwa akivutia mashua yake. Hiki ni cha adabu. Mtu akikiona tu anajua mwenye gari amestaarabika."

Cha pili alikitengeneza mwenyewe kwa fremu ya kitanda cha hoteli. "Hiki ni cha mizigo myepesi. Magodoro. Kuku."

Cha tatu kilikuwa kinene kama paja la mtu, cheusi, kina tundu la kutilia pini. Suleiman alikigusa kwa ncha ya kiatu. "Na hiki sikufichi, mzee wangu, si cha gari. Ni cha trekta, lile la zamani la mashamba ya miwa. Nimekileta ili viwe vitatu."

Mulinge akakizunguka. Akainama kukiinua, hakikuinuka.

"Ndicho," akasema.

"Kwa heshima zote, hiki na injini yako sijui kipi kizito."

"Suleiman, mimi nimevutwa na punda. Nataka kitu kisichojua haya."

Suleiman akavuta pumzi. "Basi inshallah, tutakifunga."

Kazi ya kufunga ndiyo iliyoleta mambo. Walilishusha tangi la petroli, wakaliweka mbali na moto, kisha Suleiman akaingia chini ya gari na nyundo. Aligonga mara moja, nyundo ikapita ikatokea ndani ya buti. Akatoka huko akijifuta kutu usoni.

"Mzee wangu, nyuma hapa hapana bati. Pana rangi. Rangi na mazoea."

"Sasa?"

"Chuma kizima kimebaki mbele tu, ule mhimili wenye pete ya kufungia kamba. Nikiukata nikauhamishia nyuma, hiki chetu kitapata pa kukaa. Lakini mbele hutakuwa tena na mahali pa kuvutiwa."

Mulinge akacheka kicheko ambacho Suleiman hakuwahi kukisikia kwake. "Kata! Kata hata leo! Nani atakayenivuta mimi tena?"

Basi ukakatwa, ukahamishwa, ukachomelewa. Gurudumu la akiba, ambalo lilikuwa likikaa chini ya buti, halikuwa tena na nafasi. Likapandishwa ndani, kiti cha nyuma kabisa. Kiti hicho kilikuwa cha Bibi Munee, mamake Mumbe. Kwa desturi ya Wakamba, mkwe na mama mkwe hustahiana: hawasemezani ana kwa ana, wala hawatajani majina. Ndiyo maana bibi huyo alikaa mbali na dereva kadiri gari lilivyoruhusu. Siku alipofungua mlango akakuta gurudumu limeketi mahali pake, alimgeukia bintiye.

"Mwulize mumeo, kati yangu mimi na hili gurudumu, nani mgeni?"

"Baba Faith, mama anauliza..."

"Mwambie watakaa wote. Nafasi ipo."

Nafasi ilikuwepo, lakini gari lilikuwa limebadilika tabia. Nyuma ilichuchumaa, mbele ikainuka, na Mulinge aliyekuwa akiendesha aliyaona mawingu zaidi kuliko barabara. Magharibi akiwasha taa, zilimulika vichwa vya minazi. Mgema mmoja aliyekuwa juu akigema tembo akampungia mkono: "Ahsante mzee! Simama hapo hapo kidogo, nimalizie!" Mulinge akasimama. Hata hiyo aliihesabu kuwa faida ya chuma.

Siku ya harusi ilianza kwa manyunyu. Lori la kwaya lilitangulia, likifuatwa na gari dogo la mchungaji, na nyuma kabisa pijo: Mulinge kwenye usukani amevaa tai, Mumbe kando yake, Faith na shela yake safu ya kati, Bibi Munee na gurudumu safu ya mwisho. Barabara ya udongo ilishuka kuelekea lami, nyekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta.

Walipofika penye tope kubwa Mulinge akapunguza mwendo. Lori la kwaya likaingia, likatoka. Gari la mchungaji, ambalo lilikuwa dogo kama kopo la chai, likaingia, likatoka pia. Mulinge akasimamisha gari.

"Tumesimamia nini?" Mumbe akauliza.

"Naangalia kama kuna mtu ana shida."

"Hakuna."

"Ngoja kidogo."

Wakangoja. Hakupita hata mbuzi. Mwishowe Mulinge akaingia topeni kwa huzuni, na hapo ule uzito wa nyuma ukaamua kutangulia. Gari lilizunguka polepole, kwa utulivu kabisa, likamaliza nusu ya mduara na kukaa. Ekzosi ilimezwa na dimbwi, injini ikakohoa, ikazima. Hakuna aliyeumia. Pua ya gari ilielekea nyumbani, mkia ulielekea Msambweni.

Faith ndiye aliyesema kwanza, kutoka ndani ya shela. "Baba, tunarudi?"

Mulinge alijaribu kuwasha gari mpaka betri ikanong'ona. Alishuka, akazama hadi kifundo cha mguu, akaitazama ile mbele iliyokatwa ikiwa laini kama shavu. Akarudi kuketi. Manyunyu yakawa mvua.

Ndipo likaja trekta. Dereva wake, Mduruma mmoja aitwaye Mangi, alikuwa ametoka kulima na anashuka Msambweni kutafuta dizeli. Alilizunguka gari kutoka mbele akitafuta pa kufungia, hakupaona. Alipofika nyuma akasimama, akavua kofia.

"Mzee, hiki ni chuma cha trekta."

"Ndiyo."

"Nyuma ya pijo."

"Ndiyo."

Mangi akafikiri. "Basi mzee, hili gari lako ni trela."

Hakusema kwa kejeli. Alileta mkono wa chuma wa trekta lake, akauingiza, akatia pini, vikaingiana kama pete na chanda.

"Ligeuze kwanza, bwana," Mulinge akamsihi. "Nitafikaje harusini kinyumenyume?"

"Mzee wangu, tope hili halitaki mjadala. Nikianza kugeuza, nitalala hapa pamoja nanyi. Mimi naelekea Msambweni, na trela hufuata trekta."

Hivyo ndivyo safari ilivyoendelea. Mulinge alishika usukani unaotaka kwenda kila upande isipokuwa ule wa haki, akitazama barabara aliyokwisha kuipita. Watu aliwapita kwanza, ndipo akawaona. Waliomwamkia "Shikamoo mzee!" alipowaitikia "Marahaba" walikuwa wamekwisha kuwa wadogo huko mbali. Walipoingia lami, nisani ya watalii ilisimama wakatoka wote na kamera.

Aliyeweza kuona mbele, akigeuza shingo, ni Bibi Munee, na Bibi Munee alikuwa na desturi yake.

"Mumbe, mwambie mumeo kuna shimo."

"Baba Faith, mama anasema kuna..."

Puu! Wakaruka wote, gurudumu pia.

"Mumbe, mwambie mumeo kuna ng'ombe."

"Baba Faith, mama anasema kuna ng'ombe."

Ng'ombe akatokea kwenye dirisha la Mulinge, wakatazamana uso kwa uso, akaachwa nyuma anatafuna.

Karibu na Milalani lori la nazi lilikuja kwa kasi, na usukani ukamponyoka Mulinge. Pua ya pijo ikaanza kutambaa kuelekea katikati ya barabara. Bibi Munee akaliona lori, akamtazama bintiye, akaona hapana wakati wa mjumbe.

"Mulinge!" akapiga kelele. "Mulinge mwanangu, vuta kulia!"

Mulinge akavuta kulia kwa nguvu zake zote. Lori likapita likiwafagia kwa upepo. Mumbe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Faith aliinua shela amtazame nyanyake. Miaka yote ya ndoa ile, jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake.

"Ahsante, mama," Mulinge akasema, macho yake yakiwa kwenye lori linalokwenda zake.

Kanisani Msambweni kwaya ilikuwa imejipanga na matari, ikitazamia uso wa gari. Likaja trekta, na nyuma yake makalio ya pijo. Wimbo ukapungua, ukabaki na sauti mbili, kisha moja. Mangi akasimama mbele ya mlango wa kanisa kabisa, akashuka, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima akaufungua mlango uliokuwa karibu naye, ule wa buti.

Gurudumu likatangulia. Liliruka chini, likaviringika katikati ya kwaya na wageni, na bwana harusi Baya, suti nyeupe, asijue desturi za Wakamba zinasemaje, akalipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Nyuma yake akatoka Bibi Munee, amejishika kiuno.

Pangekuwa na kicheko cha kuvunja harusi kama si shangazi yake Baya, Sidi, mama mnene mwenye sauti. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akawageukia watu.

"Mmeiona adabu hiyo? Bi harusi ametoka kwao hajawapa kisogo hata kidogo, uso wake umeelekea nyumbani mpaka hapa mlangoni! Na mkubwa wao ametangulizwa kushuka. Nani kati yenu alimleta binti yake hivi?"

Hakuna aliyewahi. Vigelegele vikashika, matari yakarudi. Mtu mmoja akauliza gurudumu ni la nini, na Sidi akasema kwa ukali kwamba ni zawadi, ni nini kingine? Likafutwa tope, likawekwa mezani kati ya sufuria na kanga. Mulinge alilitazama wakati wa sala yote. Hakuthubutu kulidai, wala Baya hakuthubutu kulirudisha. Hadi leo Baya anaketi juu yake akisahihisha vitabu vya watoto.

Chuma kilibaki mahali pake. Suleiman, alipoulizwa kama mhimili unaweza kurudishwa mbele, alisema inawezekana, na Mulinge akaogopa kuuliza zaidi. Baadaye ilikuja familia kutoka Lunga Lunga kuomba binti yao naye apelekwe kwa heshima ile, kinyumenyume, na trekta lile lile. Alikubali.

Lakini kabla ya hayo palikuwa na jambo la jina. Wazee wa Kikamba walikaa wakasema stahi imevunjwa, na mbuzi lazima achinjwe. Walibishana sana ni mbuzi wa nani: wa bibi aliyetaja, au wa mkwe aliyeitikia. Mulinge akawakata maneno, akamtoa wake.

Wakala nyumbani kwake, mvua ikipiga mabati. Sasa kwa kuwa njia ya kusemezana ilikuwa wazi, Bibi Munee alisogeza kigoda chake mpaka karibu na mkwewe, bakuli la supu mkononi. Ilionekana alikuwa na maswali ya miaka mingi. Alitaka kujua kwa nini michungwa ya upande wa mto aliipanda kwa kusongamana. Alitaka kujua kwa nini kanisani huimba sauti ya chini na hawezi. Alitaka kujua ile siku ya mahari, alipokaa na kulitazama paa saa nzima, alikuwa akitazama nini.

"Kulikuwa na nyoka, mama," Mulinge akasema.

"Nilijua!" akasema Bibi Munee, akamgeukia Mumbe. "Si nilikwambia mimi?" Kisha akachovya tonge, akauliza lingine.